Benchi la Nyuma na Ukuta wa Betoni

Anayetaka kujua kwa nini Sonia amekatazwa kuimba aje hapa Kashojwa, kambini kwetu sisi wakimbizi wa Congo, kwenye kibanda changu cha kahawa, njia ya kwenda Base Camp. Mimi ni Chantal, wengi wananiita Mama Junior. Benchi langu ni moja, na lina wenyewe watatu. Kuna Siro, jina lake la kweli Musoni, aliyekuwa anauza dawa za chupa kule Uvira na mpaka leo hakuna ugonjwa asioujua. Kuna Betoni, yaani Kalume, fundi wa kujenga, mtu wa kujisifu. Na kuna Ambulansi, Munyankore, mwenyeji wa hapo Masha, mwenye bodaboda, anayebeba wagonjwa wetu mpaka Mbarara na kurudi na habari zao zote. Mchana ule walikuwa wanabishania ugonjwa wa kifua cha Sonia, na mimi nilikuwa nimeshakasirika kabla maji hayajachemka.

Sonia ndiye sauti ya kwanza ya kwaya yetu. Tangu mvua za Aprili, zile zilizoingia kanisani mpaka magotini, msichana anakohoa, kifua kinapiga filimbi. Mama mmoja akaota ndoto, akasema binti anaficha dhambi. Basi kamati ya kanisa ikamtia kwenye nidhamu. Kwetu mwimbaji akitiwa nidhamu havai sare, haimbi, anakaa benchi la nyuma kabisa, mgongo ukutani, mpaka atubu mbele ya watu. Miezi miwili sasa. Na siku ile saa nane alikuwa ameitwa: atubu, au arudishe sare aondoke kwenye kwaya moja kwa moja. Na mimi niko kwenye kamati ile. Nilinyoosha mkono pamoja na wengine. Nalisema wazi ili mtu asinihesabu kati ya malaika.

Siro: Mimi nasema kila siku, ile ni minyoo. Minyoo ya koo. Inapanda usiku, inashika fasi ya sauti, inakaa pale. Niko na dawa. Vijiko viwili asubuhi, viwili magaribi.

Mimi: Dawa yako ya mwaka gani?

Siro: Dawa haizeeke, Mama Junior. Muntu njo anazeeka.

Betoni: Minyoo gani, bana! Ule mutoto balimupa karuho.

Hapo hata mimi nilisimamisha kijiko. Karuho ndiyo sumu tunayoiogopa sisi watu wa Kivu, ile ya kumaliza mtu pole pole, na haitajwi ovyo kwenye kibanda cha watu wanaokunywa.

Betoni: Kwenye ndoa ya Clémence. Nani aligawa soda? Kwaya ya ng'ambo ya barabara. Banamuonea wivu. Leo sauti, kesho kifua, kesho kutwa tunachimba.

Mimi: Soda ile ulikunywa chupa tatu, weye mwenyewe. Nilikuwa nakutazama.

Betoni: Mimi damu yangu iko nguvu.

Ambulansi: Banange! Nyinyi watu, mimi ndiyo nilibeba huyo msichana Mbarara. Daktari alisema kitu. Hakusema sumu.

Siro: Alisema minyoo?

Ambulansi: Wewe ssebo, ngoja. Alisema kuvu. Hiyo kitu nyeusi inaota kwa ukuta kama maji iliingia. Ukikaa hapo unavuta hiyo vumbi yake, kifua inafunga.

Nikadhani sasa watu watapata akili. Nilijidanganya.

Siro: Kuvu? Kuvu ni ya mukate! Basi alikula mukate ya kuoza. Na mukate ya kuoza inaleta nini? Minyoo!

Betoni: Daktari wa Mbarara anajua nini ya kwetu? Anaona muntu dakika tano, anaandika karatasi. Hata ukimupelekea mutu mwenye analishwa karuho, ataandika vumbi.

Siro: Ao ni ule munara wa simu. Tangu balisimamisha munara pale juu, nani anaimba tena sawa zamani? Fikirini vizuri. Sauti ya muntu inatoka kwa kinywa, munara inaivuta, inaipeleka Kampala. Kule banaweka kwa simu ya watu wengine.

Ambulansi: Sauti ya Sonia iko kwa simu ya watu?

Siro: Juzi simu yangu ilinijibu mwanamuke. Ilisema muntu ninamutafuta hapatikane. Nikasema, ile sauti niko naijua!

Ambulansi alicheka mpaka akamwaga kahawa kwenye suruali. Mimi sikucheka. Saa nane ilikuwa karibu na msichana alikuwa anakwenda kunyang'anywa sare yake juu ya maneno ya namna hii hii, tofauti ni kwamba kwenye kamati yanasemwa na watu waliofunga tai.

Mimi: Siro, nikuulize. Nyirakamana wa kwaya yetu alitiwa nidhamu mwaka jana?

Siro: Ndiyo. Alipigana kwenye bomba ya maji.

Mimi: Alikuwa anakohoa siku anapigana?

Siro: Apana. Alikuwa na nguvu mingi. Alimuvunja mwenziwe jino.

Mimi: Alikaa wapi?

Siro: Benchi ya nyuma, sawa bote.

Mimi: Akakohoa?

Siro: Akakohoa sana. Akatubu, akakohoa. Akatubu tena, akakohoa. Ya mara ya tatu alitubu mpaka zambi za bwana yake, bwana mwenyewe alitoka kanisani na haya.

Mimi: Na tulisema nini sisi?

Siro alikuna kidevu.

Siro: Tulisema bado anaficha ingine.

Ambulansi: Ehh! Nyinyi watu ya Congo! Mnaweka mtu kwa ukuta ya maji, anakohoa, mnasema ona, dhambi inatoka!

Betoni akasimama. Mtu mzima, mikono imejaa saruji ya miaka ishirini, akasimama kabisa.

Betoni: Ukuta gani ya maji? Ule ukuta niliutengeneza mimi! Mulisahau? Mwaka juzi wageni ba kongamano balikuwa banakuja, ukuta unalia maji, muko munanililia mimi: Betoni, Betoni, tutapata haya. Nani aliufunika kwa siku mbili? Nilibandika shitingi, nikapiga udongo, nikapiga rangi, bamama bakatundika pazia. Wageni balisema nini? Balisema kanisa ni nzuri!

Shitingi ni zile plastiki za msaada tunazofunikia nyumba. Nikamtazama.

Mimi: Uliufunika ukiwa umelowa?

Betoni: Wageni bangengoja ukauke?

Mimi: Na maji yalikwenda wapi?

Betoni: Maji... maji inajua njia yake.

Mimi: Betoni, lile pazia nililifunua Jumapili. Nyuma yake ukuta ni mweusi kutoka chini mpaka kwenye bega langu. Unanuka. Machozi yalinitoka kwa kuchungulia tu.

Betoni: Ni moshi ya mishumaa.

Mimi: Mishumaa gani? Sisi Waprotestanti!

Akakaa. Na hapo ndipo Sonia mwenyewe alipotokea upande wa soko, anatembea pole pole, mfuko mkononi. Ndani ya mfuko kulikuwa na sare yake, imefuliwa na kukunjwa. Kabla hajasema neno tulikisikia kifua chake.

Sonia: Bwana asifiwe.

Sote: Amina.

Nikamwondoa Siro kwenye benchi, nikamkalisha msichana, nikampa maji. Alikunywa kidogo kidogo, anapumzika katikati ya funda na funda. Nilikuwa na haya, nasema kweli.

Betoni: Binti yangu, usikie mimi baba yako. Si utubu tu? Sema kitu kidogo. Sema ulimuchukia mutu. Kila muntu anachukia mutu! Banakusamehe leo leo, Jumapili unaimba.

Siro: Ao useme uliiba. Kitu kidogo. Sabuni.

Ambulansi: Sabuni ni ndogo sana, hawatakubali. Sema kuku.

Sonia: Kuku ya nani?

Siro: Ya... tutamutafuta mwenyewe.

Haki ya Mungu nilitaka kuwamwagia birika. Sonia hakukasirika. Alifuta kinywa kwa mkono.

Sonia: Baba Kalume, nilikaa Mbarara wiki moja, kwa mama mudogo Perpétue. Siku ya tatu nililala usiku muzima bila kukaa kitako kutafuta pumuzi. Siku ya tano niliimba kwenye kiwanja, majirani bakasema inatosha, watoto banataka kulala. Dhambi yangu ilibaki huku? Haikupanda boda na mimi?

Ambulansi aliitazama boda yake.

Sonia: Nikarudi Jumamosi. Jumapili nikakaa kwa benchi yangu. Wimbo ya pili, kifua ikafunga. Daktari alisema usirudi kwenye ile fasi. Mama mudogo pia alisema, baki, tafuta kanisa ingine huku Mbarara. Nikamwambia apana. Lile kanisa, marehemu baba alikanyaga udongo ya matofali yake kwa miguu yake. Siendi popote.

Siro: Basi, mwanangu, tubu ili ukae.

Sonia: Nitatubu uongo mbele ya Mungu, ili nyinyi mulale vizuri?

Betoni: Haiko sisi, ni kamati.

Sonia akanitazama mimi. Mara moja tu, lakini ilitosha. Kisha akamgeukia Betoni, na hakupandisha sauti, maana hata sauti ya kupandisha hakuwa nayo.

Sonia: Baba, weye uko fundi. Nataka kuuliza kitu moja, kiisha nakwenda. Nikitubu leo, ule ukuta utakauka?

Betoni, mtu aliyekuwa na jibu la kila kitu, kuanzia karuho mpaka damu yake, aliinamia mikono yake akaanza kubandua saruji kavu kwenye kucha. Siro akaanza kutafuta kitu ndani ya kikombe. Ambulansi akawa anapangusa kioo cha pikipiki kilichokuwa kisafi.

Sonia alingoja jibu kweli kweli, hakuwa anatania. Kisha akachukua mfuko wake, akaaga, akateremka kuelekea kanisani.

Siro: Mama Junior, niongezee kidogo.

Mimi: Kahawa imeisha.

Siro: Imeisha namna gani? Niko naona birika imejaa!

Nikalimwaga birika lote chini, mbele yao watatu, na moto nikauzima. Nikafunga kitambaa kichwani, kile cha kamati, nikamfuata Sonia nikiwa nakimbia, maana saa nane ilikuwa imefika na mara hii mkono wangu nilijua nitaunyoosha upande gani.