Ile Kitu ya Kijani Kwa Nasari ya Njura

Haki ya Mungu, nikidanganya hata neno moja, majani chai yangu yote ikauke leo. Hii niliona na macho yangu mwenyewe, mwaka ule wa kiangazi kabla ya mvua ya Elnino, hapa Kibugu, kwa benchi yetu mbele ya posho mili ya kusaga mahindi. Tulikuwa watatu na thamosi moja ya kahawa: mimi, wananiita Redio, Thuranira, tunamwita Daktari kwa sababu aliwahi kudunga ng'ombe sindano na haikukufa, na Njura, mwenye nasari ya majani chai, miche elfu tatu, kila moja kwa karatasi yake ya udongo. Njura alikuja na karatasi moja kwa mkono. Kando ya mche, juu ya udongo, kulikuwa kumelala kitu kijani, bapa kama ulimi wa mbuzi, imejigawa mbili mbili.

— Miaka mbili nimelea hizi miche, Njura akasema. Leo nang'oa yote nachoma, kabla hii ugonjwa haijafika kwa shamba.

— Ngoja, Daktari akasema. Hata mgeni huulizwa mwiriga wake. Hii ni ya ukoo gani?

— Ni kuvu, nikasema.

— Kuvu kijani umeona wapi, Redio? Daktari akauliza.

— Kwetu. Ilikuwa kubwa, mama alianika maharagwe juu yake.

— Basi ni gugu, Njura akasema.

— Gugu iko na mizizi, Daktari akasema. Angalia chini, ni nyuzi tu, kama ndevu ya paka. Maua haina, mbegu haina. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sasa hii haina guu, kwa hivyo haiwezi kusikia dawa.

— Na hizi vikombe kwa mgongo? Njura akauliza. Ndani kuna vitu kama mayai.

— Chura alioa mgomba, nikasema. Babu yangu alifunga mtoto wao mmoja na kamba, ikamfuata mpaka Gachoka.

— Na hii mwavuli kidogo imesimama juu yake?

— Wewe ungetembea mpaka Gachoka bila mwavuli?

Njura hakucheka. Alikuwa ameshika kiberiti.

Hapo Wanjugu akapita, mama anayefanya kazi kwa nasari ya miche kule Kanja. Akaitwa. Akainama, akageuza karatasi.

— Si kuvu, si chura. Ni ndugu wa mbali wa yale manyoya kijani ya mawe ya mto, lakini iko na ukoo yake. Unaijua kwa mwili bapa, vikombe, na mwavuli mbili: ya dume kama sahani, ya jike iko na vidole. Njura, imeua mche gani?

Njura akaanza kuhesabu na vidole, akaacha.

— Hakuna.

— Basi rudisha kiberiti. Itoe na mkono, punguza maji, fungua kivuli kidogo.

Njura akapumua kama mtu ametoka kortini. Lakini Wanjugu hakuwa amemaliza.

— Mwezi jana nikipita kwa nasari yako, ilikuwa kitanda moja ya miche. Leo nimetoka kupita hapo, ni zote tano. Tone likianguka kwa kikombe kutoka juu, yale mayai yanaruka kwa jirani. Nani alinyunyizia kutoka juu?

— Nilikuwa matanga wiki mbili, nikaachia Redio miche. Redio, si ulimwaga chini chini?

Nikainua thamosi.

— Kahawa imeisha, nikasema.

Ukweli, nilipanda juu ya drum na mkebe ya maji, nikanyunyizia miche kutoka huko, ndio wale wamama wa kupeleka majani chai kwa kituo waone vile Redio analeta mvua. Na walisimama, kama mia mbili hivi. Sasa wewe umesikia. Usirudie mahali. Njura bado anauliza.