Matairi ya Mbele

Sogeeni, wanangu, maana sauti yangu haifiki mbali siku hizi, na anayetaka kulia akalie baadaye, leo nahitaji masikio. Wewe kifunguamimba, kaa hapa kwenye kiti nikuone. Kitindamimba, niinulie mto kidogo. Hapo hapo, ahsante mama. Na wewe mkaza mwanangu uliyesimama mlangoni kama mgeni aliyekosea nyumba, usiende kupika wala kufua, kwa kuwa ninayotaka kusema yanakuhusu wewe kuliko wote. Daktari amezungumza nanyi huko nje, mkarudi mmevaa nyuso za kucheka. Mimi nimezaa na nimezika, najua uso unaocheka kwa kulazimishwa. Basi nisikilizeni, wala msinikatize, maana nikikatika huenda nisiungike tena.

Nianze na nyumba, kwa sababu nyumba ni jambo jepesi. Ni ya kitindamimba, aliyeacha cherehani yake akaja kunigeuza kitandani na kuniogesha kama mtoto mchanga, na asije mtu nikishazikwa akaanza kupima vyumba kwa hatua. Vyumba vya uani atakaa mkaza mwanangu na mjukuu wangu mpaka wachoke wenyewe. Sasa lori. Lori lina maneno marefu.

Lori ndilo lililowalea. Baba yenu aliponioa alikuwa dereva wa mizigo, nami sikutaka kubaki nyumbani kutazama mawingu nikijiuliza yuko wapi, nikapanda kiti cha utingo, watu wakacheka mpaka wakachoka. Mvua ya kwanza iliyotukuta njiani, baba yenu aliegesha pembeni, akaniteremsha, nikalowa chapachapa na ubibi harusi wangu wote. Akanishika mkono akauweka juu ya tairi la mbele. "Unaiona hii mifereji inayozunguka tairi? Hiyo ndiyo njia ya maji. Maji yakikosa pa kutokea yanalibeba tairi juu juu, na tairi likishabebwa, usukani unakuwa pambo." Nikadhani ananitania. Tulipoendelea akaniambia nitazame kwenye kioo alama tunazoacha nyuma: zikionekana wazi, tairi linakata maji, zikifutika papo hapo, maji ni mengi, punguza mwendo. Sikuwahi kuambiwa neno la mapenzi lililonikaa moyoni kama hilo.

Alipotutoka, kitandani kwake, kwa ugonjwa wa kawaida kama watu wengine, nikabaki mimi na lori na nyinyi watatu. Madereva nilikodi, lakini matairi nilichagua mwenyewe. Mbele, mifereji mirefu iliyonyooka, wala sikuweka kamwe tairi lililovalishwa ngozi upya, hata fundi aape vipi. Nyuma, meno makubwa yanayong'ata tope, na yale yanayokaa pamoja ubavu kwa ubavu yalingane kimo, la sivyo moja litabeba mzigo na jingine litasindikiza. Upepo nilipima asubuhi, kabla barabara haijalipasha tairi moto, maana tairi lililolegea kwenye maji ni kama mtu aliyevaa kandambili kwenye sabuni. Mliniona nikiinama uani na tochi, mkaniita mama mkaguzi. Sawa. Mlikula, mkasoma, na hakuna dereva wangu aliyelala mtaroni.

Mpaka ndugu yenu.

Kifunguamimba, usiangalie chini. Kila mtu humu anajua ulichosema siku ile mbele ya waombolezaji, jeneza bado liko sebuleni. Ulimnyooshea kidole mke wa marehemu mdogo wako, ametoka hospitali na kichanga kifuani, ukamwambia simu yake ndiyo iliyomuua mumewe. Kwamba uchungu wa uzazi ulipomshika alimpigia njiani ahimize, naye akakanyaga mafuta kwenye mvua mpaka kona ikamshinda. Tangu hapo hamjasalimiana. Chakula anachokupakulia unakila kama umepakuliwa na ukuta. Mtoto akipita mbele yako, akitembea mwendo ule ule wa baba yake, unageuza uso. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, mwanangu. Kidole chako kingekuwa kimepona zamani.

Nyinyi wenyewe ndio mliompa ndugu yenu jina la Kobe. Kwa nini? Kwa sababu baiskeli zilimpita. Kwa sababu ulikuwa ukimdhihaki kwamba akipeleka nyanya sokoni zitafika zimeota. Huyo ndiye unayetaka niamini alikimbia kwenye mvua? Utingo wake alipona, akaja akakaa hapo hapo ulipokaa wewe, akasema simu aliipokea yeye, na Kobe alijibu bila kugeuza shingo: "Mwambie nakuja, lakini siendi mbio, barabara imelowa." Nilikupa maneno hayo siku ile ile. Ukatoka nje ukabamiza mlango.

Nami nilikwenda kuliona lori. Lilikuwa limevutwa uani kwa polisi, limebonyea kichwa kama kopo. Nilipiga magoti pale kwenye kokoto nikayashika matairi ya mbele. Mifereji ilikuwepo, wanangu, yenye kina kabisa, ndiyo maana kila mtu alisema tairi halina kosa, kosa ni la dereva. Nikabonyeza kwa ukucha: halikubonyea, gumu kama kwato. Nikalivuta ubavuni, nikaona nyufa ndogo ndogo kama kisigino cha mtu wa kiangazi. Lilikuwa jipya, na lilikuwa zee. Lilikaa juani miaka mbele ya duka likingoja mjinga, mpira ukakauka, na mpira uliokauka haushiki barabara iliyolowa hata uwe na meno ya mamba. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nani alilinunua? Kobe mwenyewe, wakati mimi nimelazwa kwa presha, kwa kuwa lilikuwa rahisi na lilimeremeta. Alipofika konani akakata usukani, lori likaendelea mbele kama halikumsikia.

Tumefundishwa kwamba marehemu hasemwi. Lakini ukimsafisha marehemu kwa kumpaka tope aliye hai, hujamheshimu hata mmoja wao. Mwanangu alikosea kuchagua tairi. Nampenda, namlilia kila mvua ikigonga bati, na alikosea kuchagua tairi. Huyu binti hakumuua mtu. Alikuwa anazaa.

Nipeni maji. Kidogo tu, yatanipalia.

Sasa sikilizeni kilichonifanya niwaite leo, nisingoje kesho. Kifunguamimba, umeleta matairi mawili ya mbele, umeyafunika turubai pale uani ili uyafunge kwenye lori tulilolifufua kwa fundi, kabla masika hayajakolea. Ulidhani mgonjwa hasikii. Jana ulipotoka nilimwomba mdogo wako alete moja hapa, akalibiringisha ukumbini akihema, akaliegemeza kitandani, likanuka chumba kizima. Macho yangu hayaoni vizuri lakini vidole vinaona. Nikabonyeza. Kisha nikamwambia anisomee zile tarakimu nne zilizogongwa ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka, ndizo cheti cha kuzaliwa cha tairi. Akasoma. Nikamwambia soma tena. Tairi lile, mwanangu, linamzidi umri mjukuu wangu.

Najua hukukusudia ubaya. Hata Kobe hakukusudia. Lakini mimi nimezika mtoto mmoja kwa tairi, na sitaki kuondoka nikiwa na hofu ya wa pili. Kwa hiyo matairi yale yasifungwe, wala yasirudishwe dukani, wala yasiuzwe kwa mtu mwingine, maana na yeye ana mama. Yakatwe kwa msumeno, vipande vifanywe chochote, ila visirudi barabarani.

Na lori naligawa hivi. Ni lenu wawili, wewe na mkaza mwanangu kwa niaba ya mtoto wake. Wewe utashika usukani, yeye atashika matairi. Usinitazame hivyo. Unadhani safari zetu sokoni miaka yote hii tulikuwa tunakwenda kununua vitunguu? Nilikuwa nampitisha kwenye maduka ya matairi, anabonyeza, anasoma, anakataa, wauzaji wakaanza kumwogopa kuliko walivyoniogopa mimi. Sikumfundisha kwa kumwonea huruma. Nilimfundisha kwa sababu hakuna anayejua vizuri kuliko yeye tairi baya linaweza kuchukua nini.

Siku ya mvua, lori lisiwashwe kabla hajalizunguka lote na kuyashika matairi kwa mkono wake, kisha akwambie kwa mdomo wake mwenyewe, "Nenda, shemeji." Si kwa kumtuma mtoto, si kwa ujumbe wa simu. Nawe umjibu. Akisema hapana, liegeshwe, mzigo uoze, mwenye mzigo atukane. Matusi hayana jeneza.

Kifunguamimba. Vuta kile kiti kingine. Kiweke karibu na chako. Sasa mwambie akae.

Mwambie, mwanangu. Nangoja.

...

Nimesikia. Umesema kwa sauti ndogo, lakini umesema shemeji, na kiti kimelia sakafuni. Kaa, binti yangu. Unaweza kulia sasa, wote mnaweza. Wewe mkubwa, usijifute machozi kwa kujificha, humu hakuna mgeni.

Pumzi inaniruka... hapana, usimwite daktari, nishike tu mkono. Mkono wa nani huu? Una vidole vigumu, ni wa mshonaji. Sawa.

Mungu awape riziki isiyo na haraka. Awape safari zenye kurudi. Mtoto yule... mpandisheni kwenye lori siku ya jua, akae kiti cha utingo, aone alama za matairi kwenye kioo. Baba yake amkae vizuri moyoni. Radhi zangu... nawapa zote, sibakizi, huko niendako sina pa kuziweka.

Nishushie mto, mama. Taratibu.

Na nikifa mvua ikinyesha... njia ya makaburini ina utelezi, mnajua. Msikimbilie kunizika. Ngojeni ikatike. Mimi... mimi sina haraka.