Octavian Prelipceanu na Java Isiyopendwa

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika kitengo chetu cha kompyuta hapa mjini Suceava, Bwana Octavian Prelipceanu anastaafu tarehe 30 Juni. Hajawahi kuhama kitengo wala meza, na kiti chake kimebadilishwa mara moja tu, kilipovunjika akiwa amekikalia.

Alipoajiriwa, ghala letu la dawa liliendeshwa kwa simu na karatasi. Ni yeye aliyeandika, kwa lugha ya Java, programu inayoamua dawa gani iende duka gani, kuanzia mjini hadi vijiji vya mlimani ambako theluji ikianguka magari hayapiti. Insulini ya watu inategemea programu hiyo. Ndiyo maana alipotangaza kuondoka hatukuwa na raha. Mkurugenzi wetu, Bi Smaranda Cojocariu, alisema wazi kwamba asipopatikana mrithi ataizima, atanunua nyingine iliyo tayari, na kitengo atakifunga.

Na mrithi angetoka wapi? Waandishi wa programu hubishania lugha kama mashabiki wanavyobishania timu. Kwa vijana wetu, Java ina maneno mengi. Ukitaka kusema jambo dogo, lazima uanze na hotuba ya harusi. Wapenzi wa Python, lugha nyingine ya kompyuta, hujigamba kwamba kazi ya ukurasa mzima wao huimaliza kwa mistari mitatu. Waliomaliza chuo juzi waliiita lugha ya wazee. Naye Mzee Octavian, kama tulivyomwita, aliwajibu, "Sawa, mimi nayo tutaondoka pamoja. Nyinyi mtajitibu kwa chai ya maua."

Hata hivyo hakukataza mtu kulalamika. Kila Jumatano, wakati wa kahawa, ilikuwa ruhusa kuisema Java, ila mlalamikaji alete plăcinte, maandazi bapa ya jibini, za kututosha wote, kisha aonyeshe ndani ya programu yetu mstari unaomuudhi. Ukisema tu kwamba Java inachosha, anakukatiza: "Inachosha wapi? Nionyeshe, kijana." Mimi, mjaribu programu ninayeipenda Python bila haya, nilileta plăcinte mara nyingi bila mstari wowote. Plăcinte zililiwa, hoja ikatupwa.

Kwa upande wa vyombo vya kazi alikuwa mgumu zaidi. Kihariri chake, yaani chombo alichoandikia programu, kilikuwa kikongwe hata tukakiita makumbusho, na kila aliyeleta chombo kipya aliulizwa kinaondoa kipi cha zamani. Ubishi huo ulituchosha, na wakati mwingine alikosea. Chombo cha kuipima programu chenyewe bila mkono wa mtu, alichokikataa kwa muda mrefu, ndicho leo kinachotuokoa kila wiki. Alikiri mbele ya wote, akiwa amenuna.

Kisha akaja Ilinca Moroșan, kijana mwajiriwa mpya, na chombo chake cha kunyoosha msimbo, yaani maandishi ya programu, kinachopanga nafasi na mabano ili faili zote zifanane. Akakiachia juu ya programu nzima kwa mpigo mmoja. Kiligusa karibu kila mstari, na tangu hapo kumbukumbu za mabadiliko zikaonyesha kwamba programu yote ni kazi ya Ilinca. Likitokea kosa, hata lililoandikwa yeye akiwa chekechea, jina lilikuwa lake, na maduka ya dawa yakataka kuongea naye.

"Mzee, haya si yangu!" alilalama.

"Jina hapo ni la nani, mwanangu? Basi yasome."

Mzee angeweza kuyarudisha majina yalivyokuwa, lakini alikataa katakata. Ilinca akaisoma programu yote, kwa hasira. Jumatano zake zikawa moto. Alikuja na mistari yake, akaonyesha ndani ya msimbo kifaa kinachounda kifaa kinachounda sanduku moja tu la vidonge, akauliza ni ugonjwa gani huo. Mzee alitafuna, akasikiliza, na mengi aliyarekebisha wiki hiyo hiyo. Hakuna aliyeitukana Java kwa ufasaha kama Ilinca.

Mwezi Mei mkurugenzi alituita, akauliza nani ataichukua programu. Mzee akamtaja Ilinca. Tulicheka, tukidhani ni utani. Ilinca hakucheka, kwani alikwisha kuitwa mji wa Cluj, kwenye kazi ya lugha mpya isiyo na chembe ya Java.

"Lakini huyu anaichukia!" nikaropoka.

"Nyinyi mnaichukia kwa kusikia," Mzee akasema. "Huyu anaichukia kwa kuijua."

Ilinca aliomba muda wa kufikiri, na usiku huo wengi wetu hatukulala vizuri. Asubuhi aliingia, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya Mzee, koti bado mwilini.

"Naichukua. Ila nitaisema vibaya mpaka nami nistaafu."

"Siku ukiacha kuisema," Mzee akajibu, "nitajua umeacha kuisoma."

 

Kwa kazi, kwa ukaidi, na kwa kutolazimisha mtu yeyote apende asichokipenda, tunakushukuru, Mzee Octavian. Wewe na mkeo, Bi Viorica, mkastarehe huko kijijini Vama, nyuki unaowafuga wakupe asali tele na wasikupe la kurekebisha. Leo asubuhi magari ya dawa yameondoka kuelekea milimani, na aliyeyaruhusu ni Ilinca, huku akilaani. Nenda kwa amani.