Vioo Vyenye Uso wa Moshi

Kabla sijafungua mdomo, apeni. Orpha, funga mlango. Lemueli, toa kiko hicho cha tumbaku mdomoni, weka mkono kwenye Biblia. Neno hili likitoka nje nitarudi niwavute miguu usingizini, shangazi yenu mnanijua!

Sikilizeni, wana wa kaka yangu, maana wa kwangu sikujaaliwa. Lile gari la farasi la marehemu mume wangu Jotham, mpiga picha, ambalo askari wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe walikuwa wakiliita "Nini Hicho" kwa pazia lake jeusi na harufu ya dawa, ni lako Lemueli, ila ukiligeuza banda la kuku tusijuane. Mle ndani ndimo Jotham alimosafishia picha za vita, vidole vyeusi kama mchoma mkaa, na mimi ndiye niliyemshikia vioo. Picha zilikuwa za vioo, na kikiharibika unakikwangua, unakiosha, unakitumia tena; vitani kioo kipya utakitoa wapi?

Sasa, cheko langu mnalijua. Mpigwa picha alitakiwa akae kama gogo, ukitikisika tu picha inafifia. Jotham ananibana kisogo kwa chuma cha kutuliza kichwa, "Kezia, mke wangu, tulia basi!" nami napasuka! Gauni linatoka zuri, mikono mizuri, uso moshi mtupu. Ha! Lo... kifua hiki.

Ndipo pale kambini, kando ya mto Rapahanoki, akaja Drusilla Pruitt, muuguzi, mrembo, hata kope hapepesi. Akatoka kwenye kioo utadhani atakusalimu. Jotham akasema, "Huyu ndiye anajua kukaa." Mweh! Maneno hayo nimeyatafuna kuliko biskuti ngumu za jeshi. Na vita vilipokwisha, Jotham akaweka kisanduku chini ya kitanda, kimepigwa misumari. Nikajua ni yeye mle. Eti wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Mimi nilinenepa nacho! Jotham akafa, sikukifungua, nisiuone ule uzuri. Niliazimia kuwausia mkakivunje mlangoni kwa Drusilla siku ya maziko yangu.

Alhamisi akaja na pai yake ya tufaha, kuniangalia ninavyokufa. Nikamwambia, "Picha yako hiyo chini ya kitanda, beba uende!"

"Picha yangu? Wewe Kezia mjinga kweli. Vioo vilimwishia, akaikwangua yangu ili akupige wewe tena. Nilipoifuata akaniambia, 'Samahani bibie, amecheka tena, lakini hiki sikioshi.'"

"Na ukanyamaza mpaka nimezeeka?"

"Nilitaka na wewe uumie kidogo."

Alipoondoka nikang'oa misumari. Nikavipanga vioo juu ya shali nyeusi ili picha zionekane. Mimi. Mimi. Mimi tena, moshi wote. Hakuosha hata kimoja.

Orpha, maji... basi, yatosha. Yule bwana anayenunua vioo vikuukuu aezekee nyumba yake ya maua, msimuuzie, jua litanifuta. Viwekeni jenezani, juu ya shali ile. Drusilla asijue nilifungua, wala kwamba nililia. Akiuliza, semeni kisanduku kimevunjwa bila kufunguliwa.

Mungu awape, wanangu, watu wa kuwahifadhi hata mkiharibika. Sogeeni... niwashike vichwa. Amina.

Ila jamani, siri ya vioo vyangu nimeambiwa na huyohuyo Drusilla Pruitt. Na mpaka sasa... namwonea wivu. Alijua kabla yangu vioo vile ni vya nani.