Mzoefu: Jina Lililotoka kwenye Fomu

Marehemu, ambaye wengi wenu mnamjua kwa jina la Mzoefu, alizaliwa alfajiri ya Jumatano, tarehe 14 Agosti 1963, katika chumba cha pili cha nyumba ya kupanga nyuma ya kinu cha mafuta ya alizeti. Alikuwa mtoto wa kwanza wa baba mlinzi na mama mshona nguo. Mdogo wake, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu, alimfuata baada ya miaka sita. Jina la Mzoefu hakupewa na wazazi. Alilipata kiwandani, na habari yake itasomwa hapa kwa agizo la mjane wa marehemu.

Alianza darasa la kwanza Januari 1971 na kumaliza la saba Novemba 1977. Alifaulu kuendelea, ila mwaka huo baba aliteleza akavunjika nyonga. Marehemu akaweka madaftari chini, akaenda kubeba matofali. Aliyesoma mpaka kidato cha nne ni mdogo wake, tena kwa viatu alivyonunuliwa na kaka. Jioni kaka alikuwa akimwambia, "Haya, nisimulie walichowafundisha," kisha anauliza swali ambalo mdogo mtu hana jibu lake.

Tarehe 1 Februari 1982 aliajiriwa katika kiwanda cha pampu za maji, kazi ya kufagia mabaki ya chuma chini ya mashine. Kwa miaka mitatu alifagia huku macho yakiwa juu. Mwaka 1985 fundi mmoja aliumwa jino, marehemu akaachiwa mashine ya kukereza vyuma kwa nusu saa tu. Hakuiachia kwa miaka ishirini na sita. Karakana ile ilikuwa na kipimo chake, nacho ni unywele. Chuma kikizidi kidogo, mafundi husema kimezidi unywele. Kikizidi kidogo kabisa, nusu unywele. Marehemu alikuwa akipitisha ukucha na kusema, "Robo unywele," nawe ukipima unakuta ndivyo.

Mwaka 1990 alimwingiza mdogo wake kazini, akamfundisha mwenyewe. Mwaka 1996 kiwanda kilipoanzisha kozi za kuwaendeleza wafanyakazi, mdogo alichaguliwa kwenda chuoni miezi mitatu. "Wewe nenda," kaka alimwambia. "Mashine yako na yangu nitazishika mimi." Akafanya zamu mbili miezi yote mitatu, akakonda mpaka mkanda ukatobolewa tundu jipya. Kwa cheti kile, mdogo alipanda hadi kuwa msimamizi wa karakana mwaka 2002.

Hapa ndipo penye uzito. Kila Januari zilitolewa fomu za kozi, na msimamizi alitakiwa kuandika maoni yake chini. Kuanzia mwaka 2003 hadi 2011 marehemu alijaza fomu mara tisa, kwa herufi kubwa asije akakosea. Mara tisa msimamizi, yaani mdogo wake wa tumbo moja, aliandika: "Hahitaji. Ni mzoefu." Fomu hazikufika kwa meneja. Ziliishia kwenye droo ya msimamizi. Alijiambia kwamba kaka akiondoka kazi itashuka, na ni kweli ingeshuka. Lakini sababu yenyewe haikuwa hiyo. Kaka angepata cheti, nani angehangaika tena na mdogo mtu? Alimwonea kaka yake wivu, na aliogopa kupokonywa kiti.

Marehemu alipouliza, "Vipi, jina langu limepita?" alijibiwa, "Wakubwa wanasema wewe ni mzoefu, kaka, utafundishwa nini?" Akacheka, akafurahi kwelikweli. Alilipeleka neno lile nyumbani, majirani wakalidaka, mafundi nao wakalidaka. Ndilo hilo mnaloliona limechapwa kwenye jalada la ratiba mliyoshika.

Mwishoni mwa mwaka 2011 zililetwa mashine za kompyuta. Wenye vyeti wakapewa. Marehemu alipelekwa stoo kufunga pampu kwenye maboksi. Hakulalamika, ila aliacha kupita karakana. Alikuwa akizunguka kwa nje hata mvua ikinyesha, na msimamizi akimwona dirishani.

Januari 2014 msimamizi alikuwa likizo. Kaimu wake aliishika fomu mpya ya marehemu, akauliza, "Huyu mzee mbona hajawahi kwenda?" Akasaini papo hapo. Marehemu akaingia darasani akiwa na miaka hamsini, kila Jumamosi kutwa, kwa miezi sita. Mtihani wa kwanza wa vipimo alipata sifuri, kwa sababu kila jibu aliliandika kwa nywele: imezidi nywele mbili na robo, imepungua nusu unywele. Mwalimu alimwita, wakakaa pamoja wakayageuza yale majibu kuwa milimita, yakatoka yote sahihi. "Mzee, alama nitakupa," mwalimu alisema, "ila siku nyingine nywele zako ziache nyumbani." Marehemu akavua kofia, akamwonyesha kipara. "Ziliniacha zenyewe, mwalimu." Alifaulu, akarudi karakana Oktoba 2014. Siku zile alikuwa akifika kabla geti halijafunguliwa. Alizifanyia kazi mashine mpya kwa miezi kumi na moja tu.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 14 Desemba 1991, na mpishi wa kantini ya kiwanda, ambaye marehemu alianza kumzoea kwa kumtengenezea mpini wa sufuria uliokuwa haujaharibika. Walijaliwa binti na mwana.

Septemba 2015 figo zilianza kumsumbua. Alitibiwa kwa mwaka na nusu, nyumbani na hospitalini. Mdogo wake alikwenda wodini mara tatu kwa nia ya kusema ukweli, na mara zote aliishia kuzungumzia mvua na mpira. Mara ya mwisho ilikuwa Jumatatu, tarehe 20 Machi 2017. Marehemu alimshika mkono akasema, "Nakushukuru, mdogo wangu. Miaka yote ile ulinipigania kwa wakubwa. Najua ulijitahidi." Mdogo akajibu, "Usijali, kaka." Ndilo neno la mwisho alilomwambia. Marehemu alifariki Jumatano, tarehe 22 Machi, saa tisa alasiri, mke wake akiwa kando yake.

Alhamisi mdogo alimpelekea shemeji yake wasifu mwingine, mzuri, ulionyooka, usio na habari ya fomu. Kabla shemeji hajamaliza kuusoma, mdogo alisutwa na roho, akamwambia yote.

"Nilimwita jina hilo mpaka anakata roho," shemeji alisema.

Mdogo akaomba lifutwe kwenye jalada.

"Halifutwi. Yeye alilipenda. Wewe utasimama uwaambie watu lilitoka wapi. Nitakaa mstari wa mbele na nakala yangu. Ukiruka mstari, nitajua."

Marehemu ameacha mjane, binti mmoja, fundi katika kiwanda kile kile, ambaye juzi alimwambia msomaji, "Baba mdogo, fomu yangu atasaini mtu mwingine", mwana mmoja, fundi umeme, wajukuu watatu, na mdogo mmoja, ambaye leo ameomba radhi kwa mtu asiyeweza tena kumsikia.

Mungu ampokee fundi wake na ampe mapumziko mema. Msomaji ataendelea kusimama hapa karibu na kaburi mpaka shughuli iishe. Mwenye neno naye, na aje amwambie.