Mpaka Kiwango Kijae

Pale Turwa, Tarime, lami inapokwisha na migomba kuanza, kuna banda la fundi pancha, na mbele ya banda kuna gogo la mkaratusi lililolazwa juu ya matofali. Hapo ndipo wanapokaa wenye akili. Kila siku saa nne asubuhi Bernadetha anapotua birika lake la kahawa na jiko la mkaa, anawakuta wameshafika, na dunia inaanza kurekebishwa. Wa kudumu ni watatu. Gidion anaitwa Hansadi, kwa kuwa Bunge likikaa redio yake haihami stesheni, na Bunge lisipokaa hukaa yeye badala yake. Marwa anaitwa Sirari, maana hupeleka parachichi mpakani Sirari mara mbili kwa wiki na kurudi na Kiswahili cha Kenya ambacho hakukilipia ushuru. Wa tatu ni Heche, mfugaji, ambaye wenzake wanamwita Zizi kwa sababu hakuna jambo duniani, hata uchaguzi, hata homa ya matumbo, analolielewa kabla halijaingizwa zizini. Asubuhi hiyo Heche alikuwa amefika wa kwanza, simu kaishika kwa mikono miwili.

— Imeingia? aliuliza Hansadi kabla hata hajakaa.

— Imeingia alfajiri.

— Umeisikiliza?

— Mara mbili tu.

Mara mbili! Alikuwa ameisikiliza mara kumi na moja, ya mwisho akiwa njiani, simu kaibana sikioni huku pikipiki zikimpigia honi.

Ujumbe wenyewe ulitoka kwa Rhobi, binti yake wa mwisho, aliyeko Bahari ya Hindi, mbali na nchi kavu, katika meli kubwa ya kuvua jodari. Rhobi havui. Anahesabu. Serikali ikishairuhusu meli kuvua, humpandisha mtu wake humo aandike kila kinachotolewa majini, ili kiwango kilichopangwa kisipitwe. Mtu huyo ndiye Rhobi wa Heche, aliyekulia kwenye mashamba ya ulezi na kinyesi cha ng'ombe. Alikwenda pwani kusoma chuo cha uvuvi, akapata kazi, akapanda meli. Tangu aondoke hajakanyaga Turwa, na sasa ni miaka miwili na miezi minne.

Heche alibonyeza, sauti ikatoka ikiwa na upepo ndani yake.

"Tata, shikamoo. Mimi mzima kabisa. Kuhusu kuja, bado sijui. Kiwango cha mwaka huu hakijajaa, na mpaka kijae meli hairudi. Msalimie mama. Mwambie juzi nimeona nyangumi, tata, mkubwa kuliko kanisa letu! Alipita hapa hapa ubavuni!"

Sirari akavua kofia kwa heshima ya nyangumi.

— Hiki kiwango, alisema Bernadetha akimimina, kila siku kiwango, kiwango. Ni kitu gani hasa?

Hansadi akajikohoza. Swali kama hilo ndilo lililokuwa likimtoa nyumbani.

— Ni hivi. Nchi zote zinazovua bahari ile zinakaa meza moja. Zinagawana. Wewe jodari tani kadhaa, na wewe tani kadhaa. Ukifikisha zako, nyavu juu, unasubiri mwakani.

— Ili iweje?

— Ili wabaki wa kuzaa.

— Hapo naelewa, alisema Heche. Huwezi kuchinja majike wote halafu ukategemea ndama.

— Sasa walijuaje wako wangapi, mpaka wakagawana? Bernadetha hakuwa mtu wa kuachia.

— Hereni, alisema Hansadi.

— Hereni gani?

— Kwani ng'ombe wa Zizi hawakutobolewa masikio wakavalishwa hereni za serikali? Ni mpango uleule.

— Ebu ngoja, alisema Sirari. Samaki ako na sikio?

— Anavalishwa kwenye pezi! Kila mmoja na namba yake. Setilaiti inasoma. Jodari akivuliwa tu, kuna taa inazimika Dodoma.

— Taa moja kwa kila samaki?

— Kuna jengo zima, mura. Ghorofa kumi na mbili. Unafikiri umeme wetu unakwenda wapi?

Fundi pancha, ambaye huwa hasemi, alicheka mpaka spana ikamtoka. Wakati huo bodaboda ilikuwa inasukumwa kuelekea bandani, tairi la nyuma limelala, na abiria wake akiifuata kwa miguu, dada wa miaka thelathini hivi mwenye mkoba begani.

— Shikamooni, alisema.

— Marahaba, waliitikia wote watatu. Kaa, mama, kaa. Umetoka wapi?

— Issenye. Nafundisha sekondari kule. Naitwa Judith.

Bernadetha akampa kikombe. Mwalimu Judith akakaa ncha ya gogo, akanywa, na mazungumzo yakaendelea kana kwamba hakuna aliyeingia.

— Mimi nawaambia, alisema Sirari, hiyo kiwango haijai kwa sababu hao samaki wanaibwa.

— Na nani?

— Wezi. Kwani bahari iko na ukuta? Iko na lango? Jamaa anatokea ng'ambo na meli yake, anawasha taa, anapiga mluzi, jodari wote wanamfuata. Asubuhi mtoto wa Zizi anaamka, maji ni matupu. Ataandika nini?

Hilo Heche alilielewa upesi mno. Utotoni mwake ng'ombe wa baba yake waliibwa usiku mmoja wakavushwa mpakani, na mapambazuko wanaume wa ukoo walitoka kufuata nyayo, wakazifuata hadi kwenye maboma ya watu wengine.

— Hapo ndipo penye shida, alisema taratibu. Samaki hana unyayo.

— Umeona sasa! alidakia Sirari.

— Hawaibwi, alisema Hansadi kwa ukali. Wanahama, kama nyumbu. Nikuulize wewe Sirari, nyumbu wa Serengeti akivuka Mto Mara kwenda kula majani Kenya, anakuwa wa nani?

— Akiwa huko ni wetu.

— Wetu nani? Wewe si umezaliwa hapo nyuma ya kisima?

Kicheko kikawashika, Bernadetha akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Heche hakucheka.

— Mimi sitaki kujua ni wa nani, alisema. Mimi nataka wavuliwe. Wavuliwe wote, hata leo, kiwango kijae, mtoto wangu arudi.

Aliposema hivyo akaona haya, kwa sababu ilikuwa kweli. Jumapili iliyopita kanisani watu walipofumba macho kuombea mvua, yeye alijikuta anaombea nyavu. Binti yake anakesha kuwalinda samaki wasimalizwe, na baba yake yuko Tarime amepiga magoti wamalizwe haraka.

Lakini angefanyaje? Alikuwa amemkumbuka mwanawe. Alikumbuka jioni za zamani, Rhobi amesimama langoni mwa zizi na viatu vya mvua vilivyomzidi, akiwataja ng'ombe kwa rangi zao mmoja mmoja wakiingia, kwa Kikurya, kwa sauti ya mtu anayegombana nao. Hakuwahi kuwahesabu. Akikosekana mmoja alisema ni yupi, na mara nyingi alisema yuko wapi. Siku moja Heche alimuuliza kwa simu, hao jodari unawatambuaje, akacheka na kusema, "Tata, hawa nawapima tu uzito." Tangu Rhobi aondoke, jioni langoni anasimama mwenyewe, anawahesabu tu, na huwa anamaliza kazi mapema mno. Akiingia ndani mkewe Nyangi hamuulizi habari za ng'ombe. Anauliza, "Amesema anakuja lini?"

Sirari alikuwa akichora chini kwa kijiti, na Sirari akichora kuna jambo linapikwa.

— Zizi, alisema, hiyo kalamu ya kuandika samaki, anashika nani?

— Rhobi.

— Peke yake?

— Peke yake.

— Sasa si umalize hii maneno? Mwambie aandike hiyo tani zote leo. Zote! Kiwango imejaa, kapteni anageuza meli, wiki ijayo msichana ako hapa Turwa anakula ugali.

Wakamgeukia Hansadi, aikatae hoja.

— Kisheria, alisema Hansadi akijikuna kidevu, takwimu ikishaandikwa ni takwimu.

— Nyie! alisema Bernadetha. Mnamfundisha mtoto wa watu kudanganya?

— Kudanganya wapi? Ni kuwahisha, alisema Hansadi, na sasa alikuwa amepata moto. Hao samaki si watavuliwa tu? Yeye anawahisha kuwaandika. Halafu fikirini vizuri. Meli ikirudi mapema, samaki wanabaki majini, wanazaa. Rhobi atakuwa amehifadhi bahari kuliko serikali zote! Mtu wa hivyo anatakiwa apewe nishani.

Heche hakuwa mtu wa hila. Fahali wa jirani akiingia kwake anamrudisha kabla mwenyewe hajamkosa. Alijua wazi kwamba wanachokisema ni uongo, na kwamba ukigundulika Rhobi atafukuzwa kazi. Kisha wazo jingine likaja lenyewe, bila kualikwa: akifukuzwa, atarudi nyumbani. Wazo hilo lilimtisha, na lilimfurahisha, akabaki nalo kifuani hajui alipeleke wapi.

— Mwambie, mura, Sirari alihimiza. Bonyeza uongee.

— Msimwambie, alisema Bernadetha.

Heche alibonyeza alama ya kinasa sauti, akakishikilia kioo kwa kidole gumba kama alivyoelekezwa na mjukuu wake. Ukiachia tu, ujumbe umekwenda. Akasogeza simu mdomoni.

— Rhobi, mama. Ni mimi, tata yako. Huku hatujambo. Mvua bado. Mama yako anakusalimu, anasema umpige picha huyo nyangumi. Sasa sikiliza mwanangu. Hiyo kalamu uliyonayo...

Akatazama kioo, kidole bado kikiwa kimebonyeza. Wote walikuwa wamemwinamia.

— Samahani, baba, alisema Mwalimu Judith kutoka ncha ya gogo. Nimeingilia mazungumzo ya watu wazima. Lakini yeye mwenyewe anataka kurudi?

Sirari akatazama barabarani kana kwamba jibu linakuja na basi la Musoma. Bernadetha alishikilia birika juu ya kikombe na hakumimina.

Heche naye alitafuta. Alikuwa anazijua jumbe zote za Rhobi kwa moyo, akazipitia moja moja. Mwaka wa kwanza ilikuwa mafunzo. Baadaye ilikuwa injini ya meli inatengenezwa. Baadaye hali ya hewa. Tangu mwaka jana ni kiwango. Meli itarudi, meli hairudi, meli bado. Alikuwa amesema anawapenda, tena mara nyingi, na alikuwa ametuma sukari na mablanketi. Lakini mahali aliposema kwamba yeye, Rhobi, anataka kuja nyumbani, Heche hakupaona. Na mahali ambapo yeye Heche alimuuliza, hapakuwepo.

Kidole gumba kikaachia. Simu ikatoa mlio mdogo.

— Imekwenda! alipiga kelele Sirari. Mzee, umeachia! Imekwenda na maneno ya mwalimu ndani!

— Na ukimya wote ule, alisema Hansadi. Dakika nzima ya ukimya. Ifute haraka!

— Futa, Zizi, bado iko tiki moja! Meli haijapata mtandao! Nipe mimi nifute!

Mwalimu Judith alikuwa amesimama, mikono kifuani.

— Nisamehe, baba. Sikujua kama bado unarekodi.

— Hukukosea, alisema Heche, akauondoa mkono wa Sirari kwenye simu bila hasira. Iacheni iende. Miaka miwili na miezi minne ninauliza habari za samaki. Yeye sijamuuliza.

Fundi akasema tairi tayari. Mwalimu akaaga, wakamwitikia kwa sauti za chini, bodaboda ikaondoka kuelekea mjini. Hansadi akawasha redio, akaizima. Bernadetha akamimina kahawa iliyobaki, ikatosha kikombe kimoja, akampa Heche bila kumuuliza.

Heche aliipokea na kuishikilia hadi ikapoa. Simu ilikuwa pajani mwake, na alama ya ujumbe ilikuwa ileile, tiki moja ya kijivu. Siku zote alikuwa akiomba mtandao uifikie meli upesi. Sasa alitamani meli iendelee kukaa huko mbali na mtandao, japo mpaka kesho, jibu la Rhobi lisimfikie upesi.