Wapangaji Kumi na Nne Wakitazama Ukuta

Mgeni rasmi, Daktari Waithira kutoka ofisi ya afya. Mwenye ploti, Mzee Irungu. Wenzetu mliotoka Mashimoni kule Kibera kabla hata chai haijaiva. Wapangaji wote: mambo?

Mgeni rasmi, kuna kitu ilifanyika kwa hii ploti na hautaamini. Hata sisi tuliokuwepo bado hatujaamini vizuri. Na kwa mara ya kwanza tangu katibu wetu Eugene anunue simu, hakuna video. Itabidi utuamini kwa mdomo tu, na tunajua sura zetu hazisaidii.

KUKARIBISHA

Karibu Kawangware. Karibu kwa hicho kiti tumekuwekea kikitazama geti. Tafadhali usikisogeze, hata jua likikupiga. Sababu iko mbele. Tulikutarajia saa nne, umefika saa sita na nusu, na hatulalamiki, wageni rasmi wako hivyo. Ila saa sita na nusu hapa ni saa ya Ian kula, na hiyo saa haisogezwi na mtu, hata serikali.

HISTORIA

Ian ana miaka mitatu. Mama yake ni Syombua, fundi wa nguo, nyumba namba saba, ile iko na cherehani mlangoni. Baba yake, Nyamai, ako kazi ya mjengo Machakos na hurudi mwisho wa mwezi. Walihamia hapa kutoka Mashimoni Ian akiwa mdogo, akikohoa kama mzee wa sigara.

Huyo mtoi alikuwa anakula! Anamaliza yake, anaangalia yako. Na bado mbavu zilikuwa zinahesabika ukiwa ng'ambo ya barabara. Choo yake ilikuwa mingi, ya mafuta, na harufu ya kuhamisha watu. Sisi majirani tulisaidia kwa kusema. Magdaline, anayeishi karibu na mfereji, alisema, "Huyu mama anakula chakula ya mtoto." Magdaline ameomba hiyo sentensi isomwe leo kwa sauti, na jina lake litajwe.

Syombua alikuwa hapo kwa foleni ya maji. Alisikia. Alifunga mtungi wake polepole, akasema, "Magda, kuja kesho ukae na sisi tukikula. Uhesabu vijiko." Akaenda. Hakuna mtu alienda kuhesabu. Kusema ni rahisi, kuhesabu ni kazi.

Kitu aligundua mwenyewe ni chumvi. Akimbusu Ian kwa paji la uso, midomo inabaki na chumvi kama amelamba sahani ya njugu. Akaambia dokta, bila aibu, mpaka wakapima jasho ya mtoto. Ndiyo tukasikia jina cystic fibrosis, ambalo hapa tunaita siefu kwa sababu meno yetu yana mipaka. Tulivyoelezwa ni hivi: mtoto anazaliwa nayo, si ya kuambukizwa. Ute wa mwili unakuwa mzito kama gundi. Unaziba kifua, na unaziba ile njia inapitisha maji ya kusaga chakula. Kumbe Ian alikuwa hali chakula, alikuwa anakisindikiza.

Dawa ikatoka: vidonge vya chembechembe. Unafungua, unamwagia kwa kijiko ya tunda limepondwa, la uchachu kidogo, unampa mwanzo wa kila mlo. Hausagi, hautii kwa uji moto. Na sisi, kwa sababu ya ile aibu ya mfereji, tukaamua kusaidia. Hapo ndipo shida ilianza.

CHANGAMOTO (nyingi ni sisi)

Ya kwanza ni mafuta. Tulikaa kikao hapa uani, watu wazima na akili zao, tukaamua: kama choo ina mafuta, dawa ni kuondoa mafuta. Syombua akiwa na kazi nyingi alimpeleka Ian kwa nyanyake, Susu Kathini, Mashimoni, na Susu akamchemshia viazi na maji wiki mbili kwa ushauri wetu. Kliniki nusura wazimie. Kumbe huyu mtoto anahitaji mafuta kuliko sisi wote tukiunganishwa: parachichi, mayai, njugu, maziwa. Hata chumvi anaongezewa, kwa sababu yake inatoka na jasho.

Kufikia hapo, Ian alikuwa amefunga mdomo. Chakula kwake kilikuwa kikohozi, kutapika na tumbo kuuma. Ukileta kijiko, anageuza shingo. Kilo zikabaki kumi na nukta mbili. Dokta akasema asipofika kumi na moja kwa kliniki ya Agosti, atawekewa mpira wa kupitishia chakula puani. Alieleza vizuri kwamba mpira si adhabu, watoto wengi umewakuza. Syombua aliitikia kichwa yote. Akifika hapa getini aliambia Magdaline kitu moja tu: "Nataka afike na mdomo yake."

Basi sisi tukaamua huo mdomo tutaufungua.

Ya pili, mgeni rasmi, tulifungua sinema. Kijiko kimoja, onyesho moja. Mutiso fundi wa viatu alibweka kama mbwa. Magdaline alicheza na sufuria kichwani. Mzee mzima wa namba tatu alijifanya ndege mpaka akateguka bega. Eugene alishika simu, anasimamia, "Wasee, mwanga! Mutiso, sogea, unaficha mtoto!" Tawi letu la Mashimoni, majirani wa Susu, likasikia likafungua sinema yake, huko Ian akienda wikendi. Ian akachukua usukani. Anaweka chakula shavuni, hatafuni, anaonyesha kidole: "Mutiso abweke kwanza." Mutiso anabweka. "Ingine." Rekodi yetu ni masaa mawili na dakika arobaini, nusu bakuli. Tulipigiana makofi.

Siku ya kliniki, kabla ya ile ya Agosti, Eugene alimsindikiza Syombua, na dada wa lishe, anaitwa Wanja, akauliza nyumbani chakula inaendaje. Eugene akatoa simu kifua mbele. Video ya dakika kumi na moja. Wanja alicheka mpaka akapanguza macho. Halafu akarudisha mwanzo, akaacha kucheka.

"Nionyeshe mahali mtoto anameza," akasema.

Eugene akatafuta. Akasogeza mbele. Akarudisha nyuma. Dakika kumi na moja, mara mbili.

"Hapa wenye wanafanya kazi ni nyinyi," Wanja akamwambia. "Huyu akikula, onyesho inaisha. Ungekuwa yeye ungekula?"

Syombua aliinama karibu. Alikuwa anaangalia kwa simu mtu mmoja nyuma kabisa, amesimama na kijiko hewani, amechoka mpaka shingo. Ilimchukua muda kujua ni yeye.

MAFANIKIO

Wanja alitupa sheria. Dawa kwanza, kila mlo. Mama anakula pamoja na yeye, sahani mbili. Akitafuna, msifu. Akikataa, angalia pengine, usibembeleze, usigombane. Dakika ishirini, sahani inatoka bila maneno, mpaka saa ingine ya kula ifike. Na watazamaji, sifuri.

Siku ya kwanza Ian alilia akiita wasanii wake kwa majina. Mutiso alikuwa nyuma ya mlango, ameuma kofia yake asibweke. Dakika ya ishirini Syombua akatoa sahani. Imejaa. Susu Kathini alikuwa amekuja kutoka Mashimoni. "Syombua, utaua huyu mtoto," akamwambia. Syombua akakalia mikono yake yote miwili, kwa sababu ilikuwa inataka kurudisha hiyo sahani yenyewe. Siku ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu, vijiko vinne.

Siku ya nne stima ilipotea, nyumba ikawa joto, kikohozi ya Ian ikakataa kutulia, wakatoka kula uani. Tulikuwa kumi na nne tukifua na kuongea. Hakukuwa na nafasi ya kwenda. Magdaline akanong'ona, "Ukuta!" Tukageuka wote, pua kwa mawe, kimya.

Hapo geti likafunguka. Mzee Irungu amekuja kuangalia tangi la maji. Anaona nini? Wapangaji kumi na nne wamepangwa ukutani, hakuna anayepumua. Mwenye ploti hakuuliza swali. Aliinua mikono, akaja taratibu, akajipanga wa kumi na tano, akanong'oneza Eugene, "Wako wangapi?"

"Nani?"

"Wezi."

"Ni Ian. Anakula."

Mzee hakushusha mikono. Alisema baadaye alikuwa bado anafikiria.

Na ndani ya hiyo kimya, mgeni rasmi, tulisikia kijiko kikigonga sahani. Tena. Tena. Halafu kikakwaruza chini, ile sauti ya sahani imeisha. Halafu sauti ndogo: "Mama. Ongeza."

Hakuna aliyegeuka. Mutiso alilia kwa ukuta. Simu ya Eugene ilikuwa mfukoni, na mpaka leo hajapoa kwa kukosa hiyo video.

Mwezi uliopita Ian alipima kumi na nukta tisa.

MAOMBI

Moja, dawa ya Ian iletwe karibu. Ikikosekana mahali Syombua huchukua, sheria zote za Wanja ni bure, tunarudi kusindikiza chakula.

Mbili, wahudumu wa afya wa mtaa wafundishwe hii siefu, hapa, Mashimoni mpaka Soweto East, ndiyo mama mwingine mwenye mtoto wa chumvi asisimame kwa foleni ya maji akisikia yale Syombua alisikia kwetu.

Tatu. Mgeni rasmi, usigeuke. Ian ako nyuma yako, karibu na kamba ya nguo, anakula. Alianza tukiimba wimbo wa kukukaribisha, ndiyo maana tulirudia kiitikio mara tano. Hatukukodolei macho kwa sababu ya suti peke yake. Kliniki ya Agosti ni Alhamisi, na ile nukta moja ya kilo iliyobaki inatafutwa hapo mgongoni kwako sasa hivi.

Mungu akuongezee miaka, na kila kijiko unachoinua kikushibishe. Ni sisi wapangaji wa ploti ya Mzee Irungu, Kawangware, pamoja na tawi la Mashimoni: Kikundi cha Geuka Ukutani.

Eugene amesoma hii risala mara sita akijipima na simu, na hapa ndipo dakika ishirini zinaisha. Kijiko kitakuwa kimenyamaza. Labda sahani ni safi. Labda ameisukuma, na Syombua amekalia mikono. Hata sisi, kwa vile macho yetu yako kwako tu, hatujui. Ungekuwa mmoja wetu, mgeni rasmi, ungegeuka?